Tusiwafundishe Watoto Nusu ya Chanjo

Utangulizi

Nia ya makala haya ni kutoa maoni juu ya jambo moja katika ufundishaji wa sayansi kwenye shule za msingi, nalo ni maana ya neno "chanjo" kama tunavyoiandika ubaoni. Huenda wewe mwanachuo ukaona kwamba maana ya neno moja haistahili makala nzima. Mimi nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi, hadi nilipoyaona madhara yake kwa macho yangu huko Manzese.

Nilikuwa nimekwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi isiyo mbali na daraja la waenda kwa miguu la Barabara ya Morogoro. Manzese, ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni na siku hizi imo katika Manispaa ya Ubungo, ni mahali penye watu wengi, nyumba zilizobanana na madarasa yaliyojaa. Mwanachuo niliyemkagua alikuwa mmoja wa wale tunaojivunia. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika hadi dawati la mwisho, na mwandiko wake ulipendeza. Mada ilikuwa kinga ya magonjwa. Aliandika ubaoni: "Chanjo ni vijidudu vya ugonjwa vilivyodhoofishwa au kuuawa, ambavyo huingizwa mwilini ili mwili ujenge kinga." Wanafunzi wakaisoma sentensi hiyo kwa pamoja mara tatu, kisha wakainakili.

Ndipo binti mmoja wa darasa la sita aliponyosha mkono. Wiki ile wasichana walikuwa wameambiwa kwamba wauguzi wangefika shuleni kuwachanja dhidi ya HPV, yaani virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo Jumatano tutachomwa sindano yenye wadudu wa saratani?" Mwanachuo alilitazama daftari lake, akaitazama sentensi iliyokuwa ubaoni, akajibu: "Ndiyo, lakini ni dhaifu. Kaa chini."

Jumatano ilipofika, wasichana kadhaa wa darasa lile hawakuonekana shuleni. Mchana nilikula kwa mama lishe mmoja karibu na daraja, na kumbe binti yake alikuwa miongoni mwa waliobaki nyumbani. Nikamwuliza kama alikuwa amesikia uvumi wa mitaani juu ya chanjo ile. Akanijibu kwa upole: "Uvumi gani, mwalimu? Mtoto kaniletea daftari, nimesoma mwenyewe. Mwalimu wao kasema wanachomwa wadudu wa saratani. Ungekuwa wewe, ungempeleka mwanao?"

Sikuwa na jibu. Tumezoea kuulaumu uvumi wa sokoni na wa vijiweni kila wazazi wanapoikataa chanjo. Habari iliyomtisha mama yule ilitoka ubaoni. Na sentensi ile mwanachuo wangu hakuibuni, bali aliipata kwangu. Niliiandika mimi katika darasa la chuo, na kwa miaka mingi nimeipa alama ya vema kila nilipoikuta katika karatasi za majaribio.

Kosa liko wapi?

Sentensi ile si uongo mtupu. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanzishwa nchini mwaka 1975, chanjo ya kifua kikuu, ya surua na matone ya polio zilikuwa kweli vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na zimeendelea kuwaokoa watoto wengi. Chanjo ya kifaduro ilikuwa ya vijidudu vilivyouawa. Lakini hata wakati huo maana hiyo haikutosha, kwa sababu chanjo za pepopunda na dondakoo hazikuwa na vijidudu ndani yake. Zilitengenezwa kwa sumu ya vijidudu hivyo iliyokwisha kuondolewa makali.

Tangu hapo mambo yamezidi kubadilika. Mwaka 2002 watoto wetu walianza kupewa chanjo ya homa ya ini ya aina B pamoja na zile za kawaida. Chanjo hiyo haina kirusi. Ina kipande kimoja tu cha gamba la kirusi, yaani protini, ambacho wataalamu hukipata kwa kuipa hamira maelekezo ya kukitengeneza. Hamira hii ni ya jamii ile ile inayoumua maandazi. Aprili 2018 taifa lilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukabadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Watoto wa kwetu wana sehemu katika badiliko hilo. Utafiti ulioanza Mwanza mwaka 2017 kwa wasichana 930 wa umri huo ulikuwa miongoni mwa zile tafiti zilizoonyesha kwamba dozi moja huujengea mwili kinga inayodumu kwa miaka.

Chanjo ya HPV nayo haina kirusi, wala kitu kiwezacho kuzaana, wala maelekezo ya uzazi wa kirusi. Ina protini ya gamba peke yake. Vipande 360 vya protini hiyo hujikusanya vyenyewe na kuwa kijitufe kinachofanana na kirusi kwa nje, ilhali ndani ni kitupu. Basi jibu sahihi kwa binti yule lilikuwa "hapana", na mwalimu wake akasema "ndiyo". Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine zote. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja. Hatuwezi kusema kwamba "ndiyo" ile ilikuwa kosa dogo.

Kinachofundisha mwili ni umbo

Maoni yangu ni kwamba tuache kuiweka habari ya udhaifu wa vijidudu kuwa kiini cha somo la chanjo. Kiini kinachostahili kufundishwa ni umbo. Kazi ya kwanza ya kinga ya mwili ni kutambua, na mwili hukitambua kijidudu kwa kupapasa umbo la nje la protini zake. Chembe maalumu za damu hutengeneza vikinga vidogo viitwavyo kingamwili, na kila kingamwili hushika umbo linalolingana nayo kama ufunguo na kufuli lake. Chanjo yoyote, iwe ya zamani au ya kisasa, huuonyesha mwili umbo hilo mapema.

Likiwa hivyo, swali linalofuata ni jepesi kuliuliza na gumu kulitatua. Itakuwaje kama umbo lenyewe halitulii? Hili si swali la kufikirika. Protini ambazo virusi vingi huzitumia kuingilia ndani ya chembe za mwili hufanana na mtego wa panya. Kabla kirusi hakijaingia, protini huwa imetegwa, imejikunja kwa nguvu. Inapogusa chembe hufyatuka, hunyooka, na kuuvuta utando wa kirusi mpaka ukaungana na utando wa chembe. Ikishafyatuka hairudi tena. Kingamwili zinazoweza kukizuia kirusi vizuri zaidi ni zile zilizojifunza umbo lililotegwa. Kwa bahati mbaya, wataalamu wanapoitenga protini hiyo ili waitie katika chanjo, mara nyingi hufyatuka yenyewe kabla haijafika kwenye chupa. Hapo chanjo huuonyesha mwili mtego uliokwisha kufyatuka, na mwili hujifunza kitu ambacho hautakutana nacho mlangoni.

Yapo yaliyotokea yanayotuonyesha uzito wa jambo hili. Kirusi kiitwacho RSV huleta homa ya mapafu na kubanwa kifua kwa watoto wachanga. Hapa Afrika Mashariki kimechunguzwa kwa miaka mingi huko Kilifi, Kenya, katika kituo cha utafiti cha KEMRI. Miaka ya 1966 na 1967 nchini Marekani ilijaribiwa chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa dawa ya formalini. Kwa sentensi yetu ya ubaoni, chanjo hiyo ilitimiza kila sharti: vijidudu viliuawa na kuingizwa mwilini. Lakini katika jaribio moja, watoto waliochanjwa walipokutana baadaye na RSV yenyewe, asilimia 80 kati yao walilazwa hospitalini, na wawili wakafariki. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba protini za virusi vile zilikuwa zimepoteza umbo lililotegwa. Mwili ulitengeneza kingamwili nyingi zisizoweza kukizuia kirusi, pamoja na mwitikio uliodhuru mapafu.

Ilichukua karibu miaka 50 kupata njia. Mwaka 2013 wanasayansi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiwamo Barney Graham, Peter Kwong na Jason McLellan, walikwisha kuliona umbo lililotegwa la protini ya RSV na kujua viungo vyake vinavyolegea. Wakafanya kazi ambayo fundi seremala yeyote angeielewa. Sehemu mbili zilizokuwa zikiachana walizifunga pamoja, na matundu yaliyokuwa wazi ndani yake wakayajaza, kama fundi apigiliavyo kabari katika kiti kinachocheza. Protini ikatulia. Kutokana na elimu hiyo, chanjo za RSV zenye umbo lililoimarishwa ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na moja kati yake hupewa mama mjamzito ili mtoto azaliwe akiwa na kinga.

Kabla ya hapo njia hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kwa kirusi kingine. Mwaka 2017 McLellan, Graham na wenzao walitangaza namna ya kuuimarisha mwiba wa kirusi cha MERS, kilicho cha ukoo wa korona. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino. Walibadili vipande viwili tu, mahali mnyororo unapotaka kunyooka, wakaweka prolini, ambayo ni asidi amino ngumu kupinda. Januari 2020 maelekezo ya kirusi kipya cha korona yalipotangazwa, kundi hilo, akiwamo mwanasayansi Kizzmekia Corbett, lilijua mara moja pa kuweka prolini zile. Mwiba huo una asidi amino 1,273, na zilizobadilishwa ni ya 986 na ya 987.

Habari hii inatuhusu sisi Watanzania. Tarehe 24 Julai 2021 dozi 1,058,400 za chanjo ya korona ya Johnson & Johnson zilipokewa Dar es Salaam, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu. Chanjo hiyo ilikuwa kirusi cha mafua kisichoweza kuzaana, kilichobeba maelekezo ya kutengeneza mwiba wa korona, na mwiba ulioelekezwa ulikuwa ule wenye prolini mbili. Wengi wetu tulipanga foleni, wengine tulikataa, na katika pande zote mbili ni wachache mno walioelezwa kilichokuwa ndani ya chupa. Sisi walimu, ambao kazi yetu ni kueleza, tulinyamaza pamoja na wengine.

Namna ya kulifundisha somo hili

Najua utauliza: "Mambo haya ya prolini yatamfaa nini mtoto wa darasa la sita?" Jina la prolini halitamfaa. Lakini dhana ya umbo lililotegwa, lililofyatuka na lililozuiwa ni nyepesi kuliko nyingi tunazomfundisha, na zana zake zinapatikana Manzese yote kwa fedha kidogo. Napendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kwa hatua zifuatazo.

(a) Mayai mawili. Vunja yai bichi katika glasi, menya la kuchemsha, uyaweke mbele ya darasa. Uliza: "Katika yai la kuchemsha, nini kimeongezwa? Nini kimepungua?" Waache wabishane. Mwisho watakubali kwamba hakuna kilichoongezwa, na bado ute uliokuwa maji maji umekuwa mgumu na mweupe. Waeleze kwamba ute wa yai una protini, na moto umezikunjua nyuzi zake zikashikana ovyo. Kitu ni kile kile, umbo ni jingine, wala halirudi. Kwa mfano huu mwanafunzi anaelewa pia kwa nini muuguzi huja na chanjo katika kasha la baridi.

(b) Mnyororo wa vizibo. Wanafunzi waokote vizibo vya soda, watoboe kwa msumari chini ya uangalizi wako, wavitunge katika uzi. Kila kundi liukunje mnyororo wake kuwa umbo fulani, kisha liuachie. Umbo litavunjika. Sasa wambie waondoe vizibo viwili penye kona na kuweka vijiti vifupi vigumu mahali pake. Kona itakaa. Usitaje prolini. Sema tu kwamba mafundi wa chanjo walibadili shanga mbili katika mnyororo wenye shanga zaidi ya 1,200.

(c) Mtego wa panya. Hapa mwalimu mwenyewe ndiye ategaye, na kidole cha mtoto kisikaribie. Utege mtego, darasa liuchore. Ufyatue kwa penseli, darasa liuchore tena katika ukurasa wa pili. Kisha uliza: "Mtu ambaye maisha yake yote ameonyeshwa mchoro wa pili peke yake, ataweza kuutambua mtego uliotegwa?" Mwishowe utege tena na kuuzuia kwa waya, ili uonekane umetegwa lakini usiweze kufyatuka. Waambie kwamba ufundi wa chanjo nyingine za kisasa unafanana na waya ule.

(d) Kuuvunja mfano. Hatua hii wanachuo wengi huisahau, na kuisahau ni hatari. Kila mfano una mahali unapokoma, na mwalimu asipopaonyesha, mtoto atapavuka peke yake. Usipoifanya kazi hii, kesho mama lishe ataambiwa kwamba watoto wanachomwa sindano yenye mitego. Waulize wanafunzi: "Mtego na protini vinatofautiana wapi?" Wasaidie kufikia majibu haya: mtego humdhuru anayenaswa, bali protini ya kwenye chanjo haiwezi peke yake kumpa mtu ugonjwa, mtego huundwa na mtu, bali protini hujikunja yenyewe, na si kila chanjo hutumia njia hii, kwa maana ile ya surua bado ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na ile ya HPV ni kijitufe cha gamba tu.

(e) Maana mpya ubaoni. Baada ya yote hayo, na si kabla, andika: "Chanjo ni kitu kinachouonyesha mwili alama ya kijidudu, ili ujifunze kukitambua kabla ya kuugua." Chini yake orodhesha aina zake: vijidudu vilivyodhoofishwa, vilivyouawa, sumu iliyoondolewa makali, protini peke yake, na maelekezo ya kutengeneza protini. Wanafunzi watafute jina la chanjo moja kwa kila aina kutoka kadi za kliniki za wadogo zao, na pale kadi zisipotosha, wamwulize muuguzi. Daftari likifika nyumbani likiwa hivyo, mzazi atasoma habari kamili.

Hoja za wanaopinga

Nimeyajadili mapendekezo haya na wakufunzi wenzangu, na si wote waliokubaliana nami. Hoja zao ni za maana, hivyo hazina budi kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba haya ni kazi ya wauguzi. Muuguzi anayefika Manzese siku ya chanjo ana wasichana wengi wa kuchanja na saa chache za kazi. Hana nafasi ya mayai na vizibo. Zaidi ya hayo, swali la binti yule liliulizwa siku kadhaa kabla muuguzi hajafika, na aliulizwa mwalimu. Swali humwangukia aliye mbele ya darasa.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Wanasema kwamba kama mtihani wa taifa utauliza maana ya zamani, mwanafunzi wetu ataanguka. Hofu hii naielewa, lakini mwanafunzi aliyeorodhesha aina tano za chanjo anaijua na ile ya vijidudu vilivyodhoofishwa, na ataiandika akiulizwa. Aliyekariri moja hawezi kuzijua nne. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka elimu yetu imjengee mtoto akili ya kudadisi. Binti yule alidadisi, na sisi tukamwambia akae chini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwenzangu mmoja aliniambia: "Ukiwasimulia wazazi habari ya watoto wale wa Marekani waliokufa, utazidi kuwatisha. Afadhali mwalimu aseme chanjo ni salama, basi." Nilifikiri sana juu ya maneno hayo. Ni kweli kwamba kisa cha RSV hakifai kuwa mlango wa somo kwa watoto wadogo, na sikuki­weka katika hatua zangu tano. Lakini mwalimu sharti akijue, kwa kuwa mzazi anayeuliza "Je, chanjo haijawahi kudhuru?" anastahili jibu la kweli. Imewahi. Hata ile ya Johnson & Johnson ilionekana kuleta, kwa watu wachache sana, kuganda kwa damu kwa namna ya hatari, na matumizi yake Marekani yakakoma mwaka 2023. Mwalimu akiyaficha hayo, siku mzazi atakapoyasikia kwingine atayatilia shaka hata yale ya surua na ya HPV. Akiyasema pamoja na mwisho wake, yaani jinsi kosa la 1966 lilivyochunguzwa hadi umbo likaimarishwa, mzazi ataona kwamba wataalamu hao hukosea, hukiri na hurekebisha. Mimi naamini kwamba mtu huamini zaidi kazi ambayo ameonyeshwa inavyosahihishwa.

Hapo pia nakuonya usizidishe. Kuimarisha umbo la protini hakuna maana kwamba chanjo haihitaji tena jokofu. Ni kweli kwamba mwiba wa korona ulioimarishwa kwa prolini sita, uliotengenezwa mwaka 2020 katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, ulistahimili joto la kawaida na kugandishwa na kuyeyushwa kuliko wa kwanza. Hata hivyo chanjo zinazotolewa katika vituo vyetu hutunzwa kwa kiwango cha baridi kilichoandikwa juu yake, na ile ya HPV huharibika pia ikigandishwa. Mwalimu asiwe mwepesi wa kuahidi yale ambayo jokofu la zahanati halijayaona.

Hitimisho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walimu tumezoea kuitumia methali hiyo kwa tabia ya mtoto. Naomba tuitumie na kwa maarifa yetu sisi wenyewe. Sentensi niliyoikariri ujanani ilikauka kichwani mwangu, nikaigawa kwa wanachuo wengi, nao wakaigawa kwa watoto, hadi ikamfikia mama mmoja wa Manzese katika umbo lililomtisha. Ninyi bado hamjakauka.

Niliporudi kwa mwanachuo wangu hatukugombana. Tuliandika andalio jipya pamoja, akanunua mayai mawili na mtego mmoja, akaomba kipindi cha pili. Alianza kwa kumwita binti yule kwa jina na kumwambia mbele ya wenzake: "Juzi uliniuliza swali zuri, nami nikakujibu vibaya. Jibu ni hapana. Leo nitakuonyesha kwa nini." Darasa lilinyamaza kimya, kwa maana si kawaida kwao kusikia mwalimu akisema hivyo.

Sitadai kwamba madawati yote yalijaa siku wauguzi waliporudi. Wengine walikuja, wengine hawakuja, na mama lishe yule aliniambia kwamba bado anafikiri. Lakini safari hii alikuwa na kitu cha kweli cha kufikiria. Alinifungulia daftari la binti yake penye michoro miwili ya mtego, akaweka kidole juu ya ule wenye waya, akaniuliza: "Huu waya, mwalimu, hauwezi kuchomoka?" Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.